Kabla ya Vuli: Jinsi Hali ya Hewa Inavyotuonya Kuhusu Virusi vya Mbu

Septemba ikifika, nchi ya tambarare ya kaunti yetu huwa imekauka. Mto Lumi umepungua, malisho kutoka Mata hadi Maktau yamekuwa nyasi kavu, na mjini Voi mitungi ya njano inapangwa foleni popote palipo na maji. Mbu wamepungua na wengi wetu tumeanza kusahau chandarua. Mtu akitaja homa za mbu wakati huu, jibu analopata ni moja: "Ngoja mvua inyeshe kwanza."

Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo linatuchelewesha. Baadhi ya mbu wanaobeba virusi tayari wako hapa, katika hali ya mayai, wakisubiri maji. Wengine hawasubiri mvua hata kidogo, kwa sababu tunawawekea maji wenyewe ndani ya nyumba. Wiki hizi za mwisho wa kiangazi ndizo nafasi nzuri zaidi tuliyo nayo ya kujikinga. Soma polepole, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni pamoja na watu wa nyumbani kwako.

Tutofautishe magonjwa kwanza

Mkazi wa Taveta hahitaji kufundishwa kuhusu malaria. Katika miaka ya 1950 eneo hili, pamoja na Pare upande wa pili wa mpaka, lilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa majaribio wa kupulizia dawa nyumba ili kuzuia malaria. Wazee wetu waliona wapuliziaji wakiingia nyumba kwa nyumba. Lakini malaria husababishwa na kimelea, nacho huenezwa na mbu anayeuma usiku. Magonjwa tunayozungumzia hapa husababishwa na virusi, na mbu wake wana tabia tofauti.

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa mifugo kwanza, kisha wa binadamu. Uligunduliwa humu nchini, kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na kuelezwa kitaalamu mwaka wa 1931. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia wenye mimba huzitupa, na wachanga hufa kwa wingi. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu, kondo la nyuma au viungo vya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili, kisha hupona. Wachache huathirika macho au ubongo, au hutokwa na damu, na hao wanaweza kufa.

Dengi na chikungunya ni magonjwa ya mtu kwa mtu kupitia mbu, bila mnyama wa kufugwa katikati. Dengi imesumbua Mombasa mara kadhaa, ikiwemo mlipuko wa 2013 na 2014. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mbu wa magonjwa haya mawili ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Mvua: mayai yaliyolala udongoni

Kwenye tambarare zetu kuna mabonde madogo ambayo hujaa maji mvua kubwa inaponyesha, kisha hukauka. Kando ya mabonde kama hayo, mbu wa jamii fulani hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu. Maji yakiondoka, mayai hayafi. Hukaa udongoni miaka mingi yakisubiri mafuriko mengine, na baadhi yake huwa tayari yana virusi vya Homa ya Bonde la Ufa ambavyo mama yao alivirithisha.

Mvua ya kawaida haiamshi mayai mengi. Lakini mvua kubwa ikiendelea kwa wiki kadhaa na mabonde yakafurika, mayai huanguliwa kwa pamoja. Mbu hao huuma mifugo iliyo karibu. Baadaye, maji yakiendelea kutuama, hufuata mbu wa aina nyingine ambao huchukua virusi kutoka kwa mifugo iliyokwisha kuambukizwa na kuvisambaza zaidi. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupotea kwa miaka, watu wakausahau, kisha ukarudi kwa kishindo.

Milipuko mikubwa ya Kenya ilifuata mtindo huo. Ule wa 1997 na 1998 ulikuja na mvua za El Niño. Wa 2006 na 2007 ulikuja baada ya Bahari ya Pasifiki na magharibi mwa Bahari ya Hindi kupata joto kuliko kawaida, hali inayoongeza mvua zetu za vuli. Mlipuko huo ulianzia Garissa mwishoni mwa 2006. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeorodhesha wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walifariki. Virusi havikusimama mpakani: mwaka wa 2007 Tanzania nayo iliorodhesha wagonjwa 264 na vifo 109. Sisi tunaopakana na Tanzania, tunaouziana mifugo na mazao kupitia Taveta na Holili kila wiki, tunapaswa kuisoma takwimu hiyo kama habari ya nyumbani.

Ukame: mbu wa mtungini

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mvua huleta mbu na ukame huwaua. Yaliyotokea Lamu mwaka wa 2004 yanaonyesha kwamba hiyo ni nusu tu ya ukweli. Mwaka huo, baada ya miezi ya ukame na joto lisilo la kawaida, chikungunya ililipuka kisiwani Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 3 kati ya kila 4 walikuwa wameambukizwa. Mombasa ilifuata mwaka huohuo, kisha Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi.

Ilikuwaje ugonjwa wa mbu uje na ukame? Watafiti waliofuatilia jambo hilo walieleza hivi: maji yalipokuwa adimu, watu waliyaweka ndani na kuyatumia kidogo kidogo, na vyombo havikuoshwa mara kwa mara. Mbu wa mchana anapenda maji safi yaliyotulia kwenye chombo chenye kivuli. Hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai hayo nayo huvumilia ukavu kwa miezi, na pipa likijazwa tena, huanguliwa.

Hapo ndipo Voi, Mwatate na mji wa Taveta zinapoingia katika habari hii. Mahali maji yanapokuja kwa mgao, kila nyumba ina pipa, tangi au mitungi. Hatuwezi kumwambia mkazi asiweke maji, naye hajui yatarudi lini. Tunachoweza kumwambia ni kwamba pipa lisilo na kifuniko linaweza kutoa kizazi kipya cha mbu kila baada ya siku 7 hadi 10, na jua likizidi, hata kwa haraka zaidi.

Joto huharakisha kila kitu

Mbu akimuuma mgonjwa wa dengi leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Lazima virusi vizaane mwilini mwake hadi vifike kwenye tezi za mate. Katika joto la nyuzi 25 hadi 28, kazi hiyo huchukua takriban siku 8 hadi 12. Mbu mwenyewe haishi muda mrefu, na wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia.

Joto likipanda, siku hizo hupungua, na mbu wengi zaidi hufikia hatua ya kuambukiza wakiwa hai. Yai nalo hukua haraka kuwa mbu kamili. Kwa hiyo eneo lenye idadi ileile ya mbu linaweza kuwa salama katika miezi ya baridi na hatari katika miezi ya joto. Baridi ya milima ya Taita huwapunguzia watu wa Wundanyi hatari hii, lakini wengi wao hushuka Voi na Taveta kwa kazi na biashara, na kurudi na walichoambukizwa huko.

Ufuatiliaji unafanywaje?

Kuna ngazi nne za ufuatiliaji, na kila moja hutoa onyo kwa wakati wake.

Ngazi ya kwanza ni angani na baharini. Satelaiti hupima joto la bahari na ukijani wa mimea nchi kavu. Mwaka wa 1999 wanasayansi walionyesha kwamba kwa kuunganisha vipimo hivyo, mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa Afrika Mashariki unaweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla. Mwaka wa 2006 njia hiyo ilitumika, na onyo lilitolewa wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana. Kwa hiyo utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa haumhusu mkulima wa mahindi peke yake. Ukisikia kwamba vuli itakuwa na mvua kuliko kawaida, chukua hilo kuwa habari ya afya pia.

Ngazi ya pili ni mbu wenyewe. Watafiti hutega mitego yenye taa na barafu kavu, ambayo hutoa hewa ya kaboni kama ile tunayoitoa tunapopumua. Mbu hudhani kuna mnyama, wakaingia. Hutenganishwa kwa aina na kupimwa virusi maabara. Mjini, maafisa wa afya ya umma hukagua nyumba na kuhesabu zile zenye viluwiluwi. Tuseme wamekagua nyumba 100 na kukuta viluwiluwi katika 12. Kiwango ni asilimia 12. Wakirudi baada ya mwezi na kukuta 4, wanajua kazi ya kufunika na kusugua vyombo imezaa matunda.

Ngazi ya tatu ni mifugo. Kundi la kondoo likianza kutupa mimba kwa pamoja, hiyo ni ishara kubwa kuliko mtego wowote. Afisa wa mifugo huchukua damu na kuituma maabara ili ijulikane kama ni Homa ya Bonde la Ufa au ugonjwa mwingine, kwa maana si kila mimba inayotupwa inatokana na virusi hivi.

Ngazi ya nne ni zahanati. Homa zikiongezeka na vipimo vya malaria vikionyesha hakuna vimelea, mhudumu hujiuliza: hii ni nini basi? Mgonjwa anayenunua dawa za malaria dukani bila kupimwa hujinyima tiba inayomfaa, na huondoa alama moja kwenye hesabu ambayo ingeweza kutuonya sote.

Wiki tulizonazo, na wiki tunazopoteza

Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti waliwaendea wafugaji wa kaskazini mashariki na kuwauliza mambo yalifuatanaje. Wafugaji walikumbuka vizuri. Kwa wastani, kutoka kuanza kwa mvua kubwa hadi makundi ya mbu kuonekana zilipita wiki tatu na siku chache. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, zaidi kidogo ya wiki mbili. Kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza kuugua, tena zaidi kidogo ya wiki mbili.

Jumlisha: ni karibu miezi miwili kati ya mvua na mgonjwa wa kwanza. Huo ni muda wa kutosha kujiandaa. Lakini hesabu nyingine ya utafiti huohuo inauma. Kutoka mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za mifugo kuchukua hatua, ilipita kama miezi miwili. Yaani watu walianza kuugua wiki nyingi kabla msaada haujafika kwa mifugo. Wafugaji walikuwa wameuona ugonjwa, na Wasomali walikuwa na jina lao la kuuita, sandik, kwa sababu ya damu puani. Walichokosa ni njia ya haraka ya kutoka boma hadi ofisini, na ofisi iliyo tayari kusikia.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, na ni vyema tuitaje wazi. Tuseme mfugaji wa Mata ana mbuzi 40, na watano wametupa mimba ndani ya wiki moja. Anajua akiripoti, soko linaweza kufungwa, na karo ya shule iko pale pale kwa wale mbuzi. Hofu yake si ya kijinga. Mwaka wa 2007 biashara ya mifugo na uchinjaji vilisimamishwa katika maeneo yaliyoathirika, na wafugaji, wachinjaji na wauza nyama walipata hasara kubwa.

Lakini tazama upande wa pili. Ugonjwa ukijulikana ukiwa katika boma moja, maafisa wanaweza kuzuia usafirishaji kutoka eneo dogo kwa muda mfupi. Ukijulikana baada ya mifugo kuuzwa hadi Mwatate na Voi, na watu kulazwa, kinachofungwa ni biashara ya kaunti nzima. Anayenyamaza haliokoi soko. Analifunga kwa muda mrefu zaidi, na pengine anamwachia mkewe au mtoto wake, anayeondoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, alipe kwa afya yake.

Mambo ya kufanya kabla ya mvua

Kwa kila nyumba:

1. Funika pipa na tangi kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa vizuri.
2. Mara moja kwa wiki, chagua siku, maji yakiwa machache, sugua kuta za ndani za chombo kwa brashi. Kumwaga maji bila kusugua huacha mayai ukutani.
3. Ondoa tairi kuukuu, makopo, vifuu na chupa. Tairi linalohitajika liwekwe palipoezekwa au litobolewe.
4. Vaa nguo ndefu asubuhi na jioni. Mgonjwa mwenye homa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue virusi kwake.

Kwa mfugaji:

5. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi yako kuhusu chanjo sasa, mifugo ikiwa mizima. Chanjo huhitaji muda kujenga kinga. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi inaweza kuvisambaza virusi. Mweleze afisa ni majike gani wana mimba, kwa kuwa chanjo iliyotumika nchini kwa miaka mingi inaweza kuwafanya watupe mimba.
6. Mvua zikianza, sogeza boma mbali na mabonde yanayotuama maji, ikiwezekana juu penye mwinuko.
7. Mimba zikitupwa, usiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu, zika kondo na mzoga shimo la kina, na mbwa wasile. Mpe taarifa afisa wa mifugo, chifu au mhudumu wa afya ya jamii siku hiyohiyo.
8. Usichinje mnyama anayeumwa ili "kuokoa nyama". Damu yake ndiyo hatari. Kula nyama iliyokaguliwa na kupikwa ikaiva, na chemsha maziwa.

Kwa anayeugua:

9. Nenda upimwe. Ukiwa umegusa mnyama mgonjwa au umetoka safari ya Pwani, mwambie mhudumu bila kungoja akuulize.
10. Kama kuna shaka ya dengi, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Tumia parasetamoli kwa kipimo ulichopewa, na kunywa maji mengi. Ukitapika mfululizo, ukiumwa sana na tumbo, au ukitokwa na damu puani au kwenye fizi, rudi hospitali mara moja.

Jipime

1. Kwa nini chandarua cha usiku hakitoshi kuzuia dengi?
2. Pipa limekauka wiki tatu. Je, ni salama kulijaza bila kulisugua? Eleza.
3. Redio imetangaza vuli yenye mvua kubwa kuliko kawaida. Taja hatua mbili ambazo mfugaji anapaswa kuchukua kabla ya tone la kwanza.
4. Jirani yako ana kondoo wanne waliotupa mimba wiki hii, na anaogopa soko kufungwa. Utamwambia nini?

Swali la nne ndilo gumu, nalo ndilo tunaloomba lijadiliwe katika baraza zijazo, kuanzia Chala hadi Kasigau. Satelaiti inaweza kutuambia kwamba mvua inakuja. Haiwezi kuona boma la jirani yako. Anayeliona ni wewe, na kutoka siku utakayoliona, tuna kama wiki mbili tu.